Zahanati ya mtaa: jinsi ya kupanga kazi ili mgonjwa amalize yote kwa safari moja

Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi, wauguzi na wajumbe wa kamati ya zahanati katika mitaa yenye msongamano ya Dar es Salaam kama Tandale, Manzese, Vingunguti, Buguruni, Keko na Mbagala. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, yaani MMAM wa mwaka 2007, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kijijini kikwazo kikubwa ni umbali. Mjini zahanati mara nyingi iko mwendo wa miguu tu, na kinachomshinda mgonjwa ni siku yenyewe. Mama ntilie akifunga jiko hana mauzo, na kesho hana mtaji. Kibarua asipofika kazini alfajiri, nafasi yake imeshachukuliwa. Watu hawa ukiwaambia "njoo kesho, vipimo vimefungwa", wengi hawarudi. Wanapita duka la dawa, wananunua vidonge vinne vya antibiotiki kwa hela iliyoko mfukoni, na mnakutana nao tena ugonjwa ukiwa mkubwa.

Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinalenga jambo moja: aliyeingia asubuhi atoke akiwa ameonwa, amepimwa, amepewa dawa na ameelewa namna ya kuzitumia, siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Pima muda kabla ya kuhamisha hata benchi moja

Chagua siku tatu za kazi, moja iwe Jumatatu kwa sababu ndiyo yenye watu wengi. Mpe kila mgonjwa wa tano kipande cha karatasi. Kila anakopita, mhudumu aandike saa: mapokezi, chumba cha tabibu, maabara, kurudi kwa tabibu na majibu, dirisha la dawa. Karatasi zikusanywe dirisha la dawa. Msiwape wagonjwa wote, kazi itawalemea na saa zitaanza kuandikwa kwa kukisia.

Mara nyingi muda mwingi haupotei kwa kumsubiri tabibu mara ya kwanza. Unapotea pale mgonjwa anaporudi na majibu ya maabara akakuta foleni ya wapya, akaambiwa akae nyuma. Anapanga foleni mara mbili kwa ugonjwa mmoja. Dawa yake ni rahisi: tumieni namba za rangi mbili, moja ya wapya na nyingine ya wenye majibu, na tabibu awaite kwa zamu, mpya mmoja, mwenye majibu mmoja. Waelezeni watu utaratibu huo asubuhi kwa sauti, la sivyo wataona mtu amependelewa na ugomvi utaanza kwenye benchi.

Jambo la pili litakaloonekana ni mlima wa asubuhi. Watu wanafika kabla ya saa 1:30 kwa kuamini kwamba namba huisha, halafu kuanzia saa 7 mchana benchi ni tupu. Wagonjwa wa kurudia, yaani wa presha, kisukari na uzazi wa mpango, hawana sababu ya kuja alfajiri. Waandikieni kwenye kadi siku na saa pia, kati ya saa 6 na saa 8 mchana, na wakija saa hiyo wahudumiwe kweli bila kusubiri. Ikishindikana mara mbili tu, mtaa mzima utajua na wote watarudi kuja alfajiri.

Hatua ya 2: Weka macho mlangoni

Anayekaa mapokezi asiwe wa kuandika majina peke yake. Mhudumu wa afya aliyefundishwa vizuri anaweza kuichambua foleni kwa dakika chache, mradi awe na ruhusa ya kumpeleka mtu ndani bila kuuliza. Kwa mtoto chini ya miaka mitano dalili za hatari ni nne: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea sana au hana fahamu. Moja ikiwepo, mtoto anaingia ndani sasa hivi, kadi itaandikwa baadaye. Ongezeni mtoto anayepumua kwa shida huku kifua kikibonyea kwa ndani, mjamzito anayetoka damu au anayelalamika kichwa kuuma sana na kuona ukungu, na mtu mzima aliyepooza upande au mwenye maumivu makali ya kifua.

Mlangoni hapohapo liulizwe swali la kikohozi. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, na mwenye VVU anayekohoa kwa muda wowote, apewe barakoa au kitambaa, akae kwenye benchi la nje penye upepo na atangulie kuonwa. Asitengwe kwa kelele. "Baba, njoo ukae hapa penye hewa, utaanza wewe" inatosha. Madirisha ya chumba cha kusubiria yabaki wazi pande mbili hata msimu wa baridi. Hakuna kinga ya kifua kikuu iliyo nafuu kuliko hiyo, na ajabu ni madirisha mangapi yamezibwa na makabati ya mafaili.

Karibu na chumba cha tabibu kuwe na sinia ya dharura moja, yenye orodha iliyobandikwa juu yake na sahihi ya anayeikagua kila asubuhi: mfuko na barakoa ya kupulizia hewa ya saizi ya mtoto na ya mtu mzima, glukosi, diazepamu, sindano ya artesuneti, magnesiamu salfeti pamoja na dawa yake ya kuzuia madhara, oksitosini ikiwa kwenye jokofu na mahali pake pameandikwa, kanula za saizi tatu, dripu na seti zake. Kosa la kawaida ni sinia iliyokamilika lakini imefungiwa kabati, na funguo ziko kwa mtu aliyekwenda semina.

Hatua ya 3: Hesabu maji, usiyategemee

Kipimo cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje na lita 100 kwa kila mama anayejifungua. Zahanati inayoona wagonjwa 120 kwa siku na kuzalisha mama mmoja inahitaji lita 600 na lita 100, jumla lita 700. Kama mgao wa maji unakata siku mbili mfululizo, mnahitaji akiba ya lita 1,400. Nunueni simtanki la lita 2,000, kwa sababu sehemu ya chini ya tanki haitumiki na siku za kuosha wodi matumizi hupanda. Tanki liwekwe juu ya jukwaa imara lililo juu kuliko koki zote, ili maji yafike hata umeme ukikatika. Likifunikwa vibaya mbu wanazaliana humo. Lioshwe na kutiwa klorini kila baada ya miezi michache.

Koki ikikauka, ndoo ya lita 20 yenye koki, beseni la kupokea na sabuni viwe tayari kila chumba anachoguswa mgonjwa. Ndoo moja kwenye korido haisaidii: muuguzi mwenye watu 40 mbele yake hatatoka chumbani kwenda kunawa kila baada ya mgonjwa.

Maji ya klorini ya kusafishia damu na matapishi ni asilimia 0.5. Dawa ya madoa ya madukani yenye asilimia 3.5 ichanganywe kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Yenye asilimia 5 ni kikombe kimoja kwa tisa. Someni kibandiko kila mnaponunua, maana nguvu hutofautiana na kanuni ya jana inaweza isifae leo. Damu ikimwagika, funika kwa kitambaa au pamba, iondoe, kisha mwaga klorini na uiache dakika 10 kabla ya kufuta. Mchanganyiko unatengenezwa upya kila siku na haukai juani. Sindano zilizotumika ziingie kwenye sanduku lake papo hapo bila kurudishiwa kifuniko, na sanduku lifungwe likijaa robo tatu.

Hatua ya 4: Homa si malaria mpaka kipimo kiseme

Hapa ndipo dawa nyingi za mtaa zinapopotelea. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa. Malaria ilionekana kwa takriban mmoja kati ya kumi, na zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakitokana na virusi. Hata hivyo mama anafika dirishani akisema "mtoto ana malaria", na mhudumu aliyechoka anamkubalia.

Kipimo cha haraka cha malaria kinataka mambo madogo yafuatwe. Pakiti ifunguliwe wakati wa kupima tu, kwa sababu unyevu wa pwani hukiharibu. Damu iwe kiasi kilichowekewa alama kwenye kifaa, mikrolita 5, isizidi. Matone ya dawa yawe idadi iliyoandikwa kwenye kipeperushi cha kipimo hicho, si cha kampuni ya mwaka jana. Andika kwa kalamu saa uliyoanza juu ya kifaa chenyewe, na usome muda uliotajwa ukifika. Ukisoma mapema, mstari hafifu haujatokea na unamwambia mgonjwa hana malaria. Ukikisahau mpaka jioni, mstari wa uongo unaweza kutokea. Kingine cha kukumbuka: vipimo vingi hubaki na mstari kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, basi muulize kama alitumia dawa mseto ya malaria (artemetha-lumefantrini) mwezi huu.

Mgonjwa akiwa na malaria isiyo kali, dawa mseto inatolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja kwa dozi, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Dozi ya kwanza imezwe mbele ya muuguzi, na chakula chenye mafuta au maziwa kabla yake husaidia dawa kufyonzwa. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza afuatiwe mwongozo wa taifa unaotumika.

Kipimo kikiwa hasi, kazi ndiyo imeanza. Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, akiwa ametulia, nguo imeinuliwa kifua kionekane. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kupumua haraka na inatibiwa kama nimonia: amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250, kidonge kimoja mara mbili kwa siku kwa mtoto wa chini ya mwaka, viwili mara mbili kwa siku kwa wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 3, vitatu mara mbili kwa siku kwa wa miaka 3 hadi 5, siku 5. Mtoto chini ya miezi 2 anayepumua mara 60 au zaidi ni wa rufaa. Kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne ndilo kosa kubwa: mtoto hapumui kwa mpangilio, na pumzi moja uliyoikosa inageuka nne.

Pumzi zikiwa za kawaida na hakuna dalili nyingine, ni mafua. Mama apewe parasetamoli, aelezwe dalili za kumrudisha mtoto, na asipewe antibiotiki ya kumridhisha. Maelezo ya dakika mbili yanahitajika hapa, tena kwa heshima: "Mama, nimempima damu na nimehesabu pumzi zake, mapafu yake yako salama. Akianza kupumua mbiombio au akikataa kunyonya, mlete hata usiku, usisubiri kesho." Mama aliyeona mtoto wake akihesabiwa pumzi anakubali kuondoka bila antibiotiki. Yule ambaye mtoto hakuguswa hakubali, na ana haki.

Hatua ya 5: Kona ya ORS iwe inafanya kazi kweli

Kila zahanati ina kona ya ORS, yaani mahali pa kumnywesha anayeharisha maji ya chumvichumvi ya pakiti, kwenye mchoro. Nyingi zimegeuka mahali pa kuwekea ndoo za deki. Vinavyohitajika ni vichache: meza, benchi lenye egemeo, ndoo ya maji salama yenye koki, jagi lenye alama ya lita moja, vikombe vyenye alama ya mililita, vijiko vya chai, beseni, ndoo ya taka, saa ya ukutani, na mtu mmoja ambaye jina lake liko kwenye ratiba ya siku.

Mtoto aliyepungukiwa maji kiasi, yaani anasumbua, macho yameingia ndani, ana kiu kali na ngozi ya tumbo inarudi polepole ukiifinya, anatibiwa palepale kwa saa 4. Kipimo ni mililita 75 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8 anahitaji mililita 600, sawa na 150 kwa saa. Hiyo ni kijiko cha chai kimoja chenye mililita 5 kila dakika mbili. Mwambie mama hesabu hiyo kwa saa ya ukutani, si "mpe kidogokidogo". Akitapika, subirini dakika 10, kisha endeleeni taratibu zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Baada ya saa 4 achunguzwe upya, si kurudishwa nyumbani kwa sababu kituo kinafungwa. Hivyo anayefika saa 7 mchana akiwa hivyo apangiwe mapema nani atabaki naye au apelekwe kituo kinacholaza. Mtoto aliyelegea na asiyeweza kunywa hahusiki na kona hii. Huyo anahitaji dripu mara moja.

Kosa la hatari zaidi linatokea nyumbani, kwenye chupa. Pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye chupa ya soda ya nusu lita, chumvi inakuwa mara mbili na inaweza kumdhuru mtoto. Ikitiwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, inakuwa nyepesi na haifanyi kazi ipasavyo. Kwa hiyo wekeni mezani chupa tupu za nusu lita, lita moja na lita moja na nusu. Mwulize mama ipi anayo nyumbani, na achanganye mwenyewe mbele yenu: chupa mbili za nusu lita kwenye sufuria safi ndiyo pakiti moja. Someni pia pakiti yenyewe, zipo za nusu lita. Mchanganyiko ukipita saa 24 umwagwe.

Zinki inakwenda pamoja na ORS: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, miligramu 10 kwa mdogo zaidi, siku 10 hadi 14. Akina mama huacha siku ya tatu, kuhara kukikoma. Elezeni kwamba siku zilizobaki zinamkinga mtoto asiharishe tena miezi inayofuata. Hilo linaeleweka kwa mtu anayejua gharama ya kukosa kazi.

Mvua za masika na vuli zikifurisha vyoo, mgonjwa mmoja wa kuhara maji kama ya kuoshea mchele, dalili ya kipindupindu, anatosha kuwafanya mpige simu wilayani siku hiyohiyo. Msisubiri wa pili.

Hatua ya 6: Chanjo isiwe ya siku moja ya wiki

Mtoto aliyeletwa kwa mafua naye aangaliwe kadi ya kliniki. Chanjo nyingi za chupa zilizofunguliwa hudumu hadi siku 28 zikitunzwa vizuri kwenye ubaridi, hivyo hakuna sababu ya kumwambia mama arudi Alhamisi. BCG (ya kifua kikuu) na surua-rubela ndizo zenye shida, kwa kuwa zikishachanganywa lazima zitupwe baada ya saa 6, na wahudumu huogopa kufungua chupa ya dozi nyingi kwa mtoto mmoja. Wekeni siku mbili za chanjo hizo, zijulikane mtaa mzima, zitangazwe na wajumbe wa mashina na zisibadilishwe. Lakini mtoto anayetoka mbali, au ambaye mama yake anasema anasafiri, achanjwe leo. Chupa iliyomwagwa ni hasara ndogo kuliko surua mtaani.

Jokofu liwe nyuzi 2 hadi 8, lisomwe asubuhi na jioni hata Jumapili, na lisihifadhi soda. Watu huogopa joto, kumbe baridi kali huharibu pia: chanjo ya pentavalenti na ya pepopunda zikiganda hazifai tena, hata zikiyeyuka na kuonekana nzuri. Umeme ukikatika, usilifungue kutazama.

Hatua ya 7: Presha na sukari

Mgonjwa akae dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanishwa, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi tupu na si juu ya sweta. Asizungumze. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya uongo iliyo juu, kwa hiyo nunueni saizi mbili. 140 kwa 90 au zaidi ipimwe tena siku nyingine kabla ya kumwandikia mtu dawa ya maisha, isipokuwa imepanda sana au ana dalili.

Kinachowaangusha wagonjwa hawa ni kujisikia vizuri na kuacha. Tengenezeni sanduku la kadi lenye vigawanyo 31. Kadi ya kila mgonjwa ikae kwenye tarehe yake ya kurudi. Jioni, kadi zilizobaki kwenye kigawanyo cha leo ndizo za wasiokuja. Pigeni simu kesho yake, si baada ya miezi mitatu. Aliyetulia apewe dawa za miezi miwili au zaidi stoo ikiruhusu. Kila safari mnayompunguzia ni siku ya kazi mnayomrudishia.

Hatua ya 8: Stoo ya dawa

Zahanati ikiishiwa dawa, hatua zote zilizotangulia hazina maana. Dawa nyingi hukosekana kwa sababu maombi yalikosewa, hata kabla ya kuilaumu Bohari ya Dawa. Kosa lenyewe ni hili: matumizi ya miezi mitatu yanagawanywa kwa tatu, bila kutoa siku ambazo dawa haikuwepo. Mfano, parasetamoli iliyotoka ni vidonge 9,000 ndani ya siku 90, lakini kwa siku 20 rafu ilikuwa tupu. Ukigawa kwa tatu unapata 3,000 kwa mwezi. Hesabu sahihi ni 9,000 kugawa kwa siku 70, mara 30, unapata takriban 3,857. Ukiomba kwa ile ya kwanza, unaomba upungufu uendelee, na kila mzunguko unazidi kushuka.

Ukiombea miezi miwili na akiba ya mwezi mmoja, ni 3,857 mara 3, yaani 11,571. Toa vilivyopo stoo, tuseme 1,500, zinabaki 10,071. Makopo 10 ya vidonge 1,000 yanapungukiwa vidonge 71 tu, hivyo yanatosha, 11 kama msimu wa mvua unakuja. Siku za kukosekana zinajulikana tu ikiwa kadi ya kila dawa inaandikwa siku ileile dawa inapotoka. Kadi inayojazwa mwisho wa mwezi kwa kukumbuka ni hadithi.

Maboksi yakae juu ya paleti sentimita 10 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, kwa sababu maji ya mafuriko na unyevu wa ukuta vinaanzia hapo. Inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, hata kama iliingia jana. Kila wiki mbili mjumbe wa kamati achague dawa tano bila kutoa taarifa, ahesabu vilivyopo rafuni na kulinganisha na kadi. Tofauti iandikwe kwenye muhtasari, na maelezo yaombwe kwa utulivu.

Dirishani, mtoa dawa asimwulize mgonjwa "umeelewa?" Jibu huwa ndiyo. Amwambie, "Hebu nieleze utakavyomeza." Asiyesoma achorewe jua na mwezi kwenye bahasha.

Hatua ya 9: Fedha zisimfukuze mtu mlangoni

Bei zote zibandikwe ukutani kwa Kiswahili kikubwa, na chini yake wanaosamehewa: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu na VVU kwa huduma za magonjwa hayo. Asiye na uwezo aonwe kwanza, barua ya serikali ya mtaa ifuate. Mzee hapaswi kusimulia umaskini wake mbele ya foleni nzima. Mpelekeni pembeni: "Shikamoo babu, njoo huku tuongee." Kila aliyesamehewa aandikwe, kwa sababu kamati bila idadi hiyo haiwezi kudai bajeti.

Hatua ya 10: Anwani, rufaa na ufuatiliaji

Wapangaji huhama bila kuaga, na nyumba nyingi hujulikana kwa jina la mwenye nyumba au duka la jirani. Kwenye kadi andikeni namba ya nyumba kama kibao cha anwani za makazi kipo, jina la mjumbe wa shina, alama ya karibu, na namba mbili za simu, moja iwe ya ndugu au jirani. Kwa mgonjwa wa VVU au kifua kikuu, mwulize kwanza kama namba ya pili inaweza kupigwa na kusemwa nini. Orodha ya wasiokuja igawanywe kwa shina, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe majina asiyozidi kumi kwa wiki, na alete jibu la kila jina: amepatikana, amehama, amekataa.

Rufaa ya dharura isiwe karatasi tu mkononi mwa ndugu. Kwa mjamzito, mzazi au kichanga, piga 115 ya M-Mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa akina mama na vichanga, simu ni bure. Kwa wengine, kamati iwe na makubaliano ya maandishi na madereva wawili wa bajaji au teksi wanaoishi jirani, nauli ya usiku ikiwa imekubaliwa kabla. Piga simu hospitali unakompeleka, taja dalili, dawa ulizotoa na saa ulizotoa, na uandike jina la aliyepokea simu. Fomu ya rufaa ina sehemu ya majibu chini. Mara nyingi hairudi. Siku ya tatu mpigie simu ndugu wa mgonjwa, uliza alivyotibiwa na dawa anazotakiwa kuendelea nazo, kisha ziandike kwenye kadi yake na uzitafute stoo kabla hajaja.